Mpira uliomgonga Dietz: kisa cha mwamuzi Harry Wendelstedt

Kama umekulia Dar, Tanga au Morogoro, rede unaijua, hata kama ulikuwa unaitazama tu ukiwa kibarazani. Mrushaji mmoja huku, mwingine kule, na wa katikati kazi yake ni kukwepa. Mpira ukikugusa umekufa, unatoka. Wakenya wanauita kati, lakini ubishi ni uleule: "Umekugusa!" "Haujanigusa, umegusa gauni!"

Besiboli ina kipengele ambacho ni rede iliyopinduliwa. Mpigaji anasimama na gongo lake, mrushaji anamtupia mpira, na mpira ukimgonga mwilini mpigaji hafi. Anapewa zawadi: anatembea bure mpaka beisi ya kwanza, kituo cha kwanza kati ya vinne ambavyo mkimbiaji huvizunguka mpaka arudi "nyumbani" na kupata pointi. Sasa fikiria wachezaji watafanya nini wakijua kwamba kugongwa kuna malipo. Watajipeleka wenyewe, na hata asiyejipeleka anaweza kusimama tu kama mlingoti akingoja baraka imshukie begani. Kwa hiyo kanuni ikawekewa kufuli: ukigongwa bila kujaribu kukwepa, hupati kitu. Kufuli hilo lipo kitabuni tangu zamani, ila waamuzi hawalifungi mara nyingi. Kisa chetu kinahusu siku moja ambapo mmoja wao alilifunga, mahali ambapo karibu kila mtu uwanjani angependa aliache wazi.

Ilikuwa Ijumaa, Mei 31, 1968, Dodger Stadium, Los Angeles. Wenyeji Dodgers walikuwa wanacheza na San Francisco Giants. Anayeujua uhasama wa Simba na Yanga asihitaji maelezo zaidi. Timu hizi mbili zilianza kuchukiana zikiwa bado New York, na zilipohamia California mwaka 1958 zilihama na chuki yao.

Mrushaji wa Dodgers alikuwa Don Drysdale, mrefu karibu mita mbili, anayerusha mkono ukipita ubavuni, kiasi kwamba mpigaji wa mkono wa kulia aliuona mpira kama unatokea nyuma ya bega lake. Drysdale alikuwa amemaliza mechi nne mfululizo bila kuruhusu hata pointi moja. Kwa lugha ya makipa, klinshiti nne, na kwa mrushaji hilo ni gumu kuliko kwa kipa, maana anabeba zamu zote tisa za mechi mwenyewe. Alikuwa anatafuta ya tano. Mtu wa mwisho kufikisha tano mfululizo alikuwa Doc White wa Chicago, mwaka 1904.

Zamu ya tisa, Dodgers wanaongoza 3-0, mambo yakaanza kuharibika. Willie McCovey alipewa beisi kwa mipira minne mibaya. Jim Ray Hart akapiga vizuri. Dave Marshall naye akapewa beisi. Beisi zote tatu zimejaa, hakuna auti hata moja (mchezaji aliyetolewa; auti tatu zinafunga zamu), na anayekuja kupiga ni Dick Dietz, ambaye Giants wakilinda huwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Hesabu ikafika boli mbili (mipira iliyotupwa nje ya eneo la straiki, yaani nafasi iliyo juu ya beisi ya nyumbani kati ya magoti na kifua; ya nne inampa mpigaji beisi), straiki mbili (ya tatu inamtoa).

Drysdale akarusha. Mpira ukaingia ndani na kumgonga Dietz kwenye mkono wa kushoto.

Kwa mazoea, hapo kila kitu kilikuwa kimekwisha. Beisi zimejaa, kwa hiyo Dietz akienda ya kwanza kila mkimbiaji anasukumwa mbele, na aliye beisi ya tatu anaingia nyumbani. Matokeo 3-1. Mfululizo wa Drysdale unakufa ukiwa na zamu 44, hata rekodi ya National League (moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya besiboli ya Marekani) ya Carl Hubbell ya zamu 46 na theluthi, aliyoiweka mwaka 1933, haijaguswa; kila auti ni theluthi ya zamu. Dietz alikwishaanza safari ya beisi ya kwanza.

Nyuma ya mdakaji wa Dodgers alikuwapo mwamuzi wa miaka 29, akiwa katika msimu wake wa tatu tu Ligi Kuu. Jina lake Harry Wendelstedt, mzaliwa wa Baltimore. Alimrudisha Dietz. Akasema hakujaribu kukwepa, na kwa kuwa mpira ulikuwa nje ya eneo la straiki, hiyo ni boli. Boli tatu, straiki mbili, wakimbiaji warudi walipokuwa, mpigaji arudi kwenye kisanduku chake.

Unaweza kujua kilichofuata. Kocha mkuu wa Giants, Herman Franks, alitoka mbio, akabishana mpaka akatolewa nje. Mashabiki wa Los Angeles walishangilia, lakini nina shaka kama hata mmoja kati ya kumi alijua wanashangilia kipengele gani. Ni kama penalti ya dakika ya tisini inayofutwa kwa sababu ambayo hujawahi kuiona ikitumika: anayefaidika anapiga makofi kwanza, kanuni atasoma kesho.

Sasa tuupime uamuzi wenyewe, na tuanze na maandishi. Kanuni inasema mpigaji anapewa beisi ya kwanza akiguswa na mpira ambao hakuupiga, isipokuwa katika hali mbili. Moja, mpira uwe ndani ya eneo la straiki unapomgusa. Hapo ni straiki, hata kama umemvunja kidole. Pili, mpigaji asijaribu kukwepa. Hapo, ikiwa mpira uko nje ya eneo, ni boli. Katika hali zote mbili mpira umekufa na hakuna mkimbiaji anayesogea. Ukilinganisha na alichotamka Wendelstedt, hakuna mahali alipoteleza. Hakuita straiki, hakumtoa Dietz, wala hakuwaacha wakimbiaji waibe hatua. Alitoa adhabu ileile iliyoandikwa, haikupungua wala haikuzidi.

Tatizo haliko kwenye kanuni, liko kwenye ushahidi. "Kujaribu" ni nini hasa? Kutoka kwa mrushaji mpaka beisi ya nyumbani ni mita 18.44. Mpira wa kasi unafika chini ya nusu sekunde, na ndani ya muda huo mwili wa binadamu unaweza kuganda kama sungura aliyepigwa tochi. Kuganda si hila. Ndiyo maana waamuzi wengi, mpigaji akigongwa bila kusogea, wanampa beisi na maisha yanaendelea. Wanasema hakupata nafasi. Dietz na wenzake walishikilia hoja hiyo: mpira ulikuwa na kasi, angekwepa saa ngapi?

Hoja hii nzito, na sitaki kuidharau. Lakini kuna jambo ambalo watetezi wa Dietz hulipita haraka. Mtu aliyegongwa mkononi na aliyegongwa ubavuni hawako sawa. Ubavu huwezi kuuondoa kwa nusu sekunde. Mkono unaweza, na kwa kawaida unaondoka wenyewe, kama unavyoutoa mkono kwenye sufuria ya moto kabla hujaamua. Mpigaji ambaye mkono wake umebaki palepale ana la kujieleza. Na anayeona vizuri kama mkono ulitikisika ni yule aliyechuchumaa nyuma ya mdakaji, hatua mbili hivi kutoka hapo, macho yakiwa kwenye usawa wa mpira. Franks alikuwa benchi, pembeni. Mashabiki walikuwa mbali zaidi.

Kuna la pili, na kwangu hili ndilo linaloua tuhuma za upendeleo. Watu husimulia kana kwamba Wendelstedt alimwokoa Drysdale. Hesabu ilikuwa mbili-mbili. Baada ya uamuzi ikawa boli tatu, straiki mbili. Boli moja zaidi na Dietz angeenda beisi ya kwanza hata hivyo, pointi ingeingia, na mfululizo ungekufa palepale. Mwamuzi anayetaka kubeba timu ya nyumbani hachagui njia inayomwacha mrushaji wake ukingoni, mpira mmoja tu kutoka shimoni. Alichofanya ni kumrudishia Drysdale kazi yake aimalize mwenyewe.

Na Drysdale akaimaliza. Dietz alipiga mpira mfupi wa juu upande wa kushoto, ukadakwa, na mkimbiaji wa beisi ya tatu hakuthubutu kukimbia. Ty Cline akapiga wa chini kwa Wes Parker, beisi ya kwanza, Parker akautupa nyumbani: auti ya pili. Jack Hiatt akapiga juu, Parker akaudaka. Mechi imekwisha, 3-0.

Juni 4 Drysdale akafikisha klinshiti ya sita, dhidi ya Pittsburgh. Usiku huohuo Robert Kennedy, seneta aliyekuwa anawania urais wa Marekani na ameshinda uchaguzi wa awali wa California, alimtaja na kumpongeza katika hotuba yake hotelini Los Angeles. Dakika chache baadaye alipigwa risasi. Kila nikisoma habari za mfululizo huu nakutana na tukio hilo, na halizoeleki. Juni 8 mfululizo ulikatika dhidi ya Philadelphia kwenye zamu ya 58 na theluthi mbili, ukiwa umeipita rekodi ya Walter Johnson ya mwaka 1913. Rekodi hiyo mpya ilidumu miaka 20.

Kuna kejeli hapa ambayo siwezi kuiacha. Drysdale aliwagonga wapigaji 154 katika maisha yake ya mchezo, wengi kuliko mrushaji yeyote wa National League katika zama za kisasa. Wengi waliamini wapigaji hao hawakugongwa kwa bahati mbaya. Mtu huyo, kati ya watu wote, rekodi yake ilisimama kwa sababu kuna mpigaji mmoja ambaye mbele ya kanuni hakuhesabiwa kuwa amegongwa.

Swali linalonivuta ni kwa nini mwamuzi kijana awe na ujasiri wa namna hiyo. Wakongwe wanaokijua kipengele hicho walikuwapo, na wanajua pia gharama ya kukitumia. Wendelstedt alikuwa ametoka darasani si zamani sana. Mwaka 1962 alisoma katika shule ya waamuzi ya Al Somers huko Daytona Beach, Florida, akapita ligi za chini kwa misimu minne, na mwaka 1966 akapandishwa Ligi Kuu. Mtu wa namna hiyo kanuni bado ziko kichwani kwa mpangilio wa darasani, hazijasuguliwa na mazoea. Haya ni maoni yangu, lakini ukiangalia alichofanya baadaye yanapata nguvu.

Maana mwaka 1977 aliichukua shule ileile. Ilikuwa imeanzishwa na mwamuzi Bill McGowan, ikamwendea Somers, kisha ikawa shule ya Wendelstedt. Majira ya joto akawa mwamuzi, Januari na Februari akawa mwalimu, na aliendelea hivyo kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kustaafu uwanjani baada ya msimu wa 1998. Alikuwa amechezesha misimu 33, World Series (fainali ya Ligi Kuu) 5, na akiwa nyuma ya mdakaji alishuhudia mechi 5 ambazo timu moja haikupiga hata mpira mmoja wa kuifikisha beisi. Hapo alifikia rekodi ya National League ya mwamuzi Bill Klem.

Shule ya waamuzi si mahali pa fahari kama unavyoweza kudhani. Ni wiki tano za alfajiri, darasa asubuhi na jua la uwanjani mchana. Wanafunzi wanapanga mstari na kupaza sauti "Straiki!" pamoja mpaka koo zinakauka, kama kuruta kwenye gwaride. Wanafundishwa kuvua kinga ya uso kwa mkono wa kushoto, ili wa kulia ubaki huru kwa ishara, na kofia isidondoke. Ukimtazama mwanafunzi wa siku ya kwanza akivua kinga, kofia inaruka, mikanda inanasa sikioni, mpira umeshafika nje na yeye bado anapambana na vifaa vyake. Baada ya wiki kadhaa mkono unajua wenyewe. Kwenye ligi za chini kabisa waamuzi ni wawili tu badala ya wanne, kwa hiyo mtu anafundishwa kukimbia kwa kona, kusimama kabla ya kutazama, na kungoja nukta moja kabla ya kutamka. Mwisho wa wiki tano, wachache tu ndio waliokuwa wakichaguliwa, tena kwenda kuanzia ligi ya chini kabisa, kwa mshahara wa kuhurumiwa. Mwaka 1977 huohuo alipita pale Pam Postema, aliyechezesha ligi za chini miaka 13, akafika ngazi moja chini ya Ligi Kuu, na hakuvushwa. Ilibidi kungoja mpaka Agosti 2025 ndipo Jen Pawol akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya msimu wa Ligi Kuu.

Biashara hii ilikuwa ya waamuzi wenyewe. Katika jopo la waamuzi sita wa World Series ya 1986, Wendelstedt alikuwa pamoja na Joe Brinkman, aliyekuwa na shule yake, na Jim Evans, ambaye baadaye alifungua ya kwake. Nusu ya jopo walimu! Sijui taaluma nyingine ambayo washindani wa biashara wanaegemeana hivyo kazini.

Tukirudi kwenye kisa: ningekuwa mkufunzi wa uamuzi, ningeutumia mpira wa Dietz somo zima, na nisingeanza na swali la nani alikuwa sahihi. Ningemweka mwanafunzi nyuma ya mdakaji, beisi zimejaa, kisha mpira wa mazoezi umguse mpigaji mkononi. Nitazame anaanza na nini. Wengi wataangalia uso wa mpigaji. Kosa. Kwanza mikono juu na sauti kubwa: mpira umekufa, kila mtu asimame. Usipofanya hivyo, aliye beisi ya tatu anakimbia, mdakaji anatupa, na sasa una matatizo matatu badala ya moja. Kisha jiulize mpira ulikuwa wapi ulipogusa. Kisha mwili wa mpigaji ulifanya nini. Ukishajibu, toka nyuma, msimamishe mpigaji kabla hajafika mbali, tamka kwa maneno machache, onyesha hesabu kwa vidole, warudishe wakimbiaji. Kocha atakuja, mwache aje, mjibu alichouliza, basi.

Utaona kwamba kwenye mpangilio huo hakuna mahali pa kuuliza mrushaji ana zamu ngapi bila pointi.

Sehemu ninayowapa Giants haki yao ni hii: kanuni inayotumika mara moja moja ina harufu ya uonevu hata ikitumika vizuri. Dietz alikuwa amewaona wenzake wakigongwa wamesimama wima na wakapewa beisi. Akauliza, kwa haki kabisa, kwa nini mimi na kwa nini leo. Jibu kwamba "imeandikwa" ni sahihi lakini halitoshi, kwa sababu wachezaji hawaishi ndani ya kitabu, wanaishi ndani ya mazoea ya waamuzi. Kosa hilo, hata hivyo, naliweka kwa waliokuwa wanaacha, si kwa aliyetekeleza. Aliyepita getini siku zote bila tiketi hana kesi na mlinzi wa kwanza aliyemdai.

Miaka 20 baadaye Giants walipata dozi nyingine. Septemba 1988, Orel Hershiser wa Dodgers alikuwa anaifukuzia rekodi ya Drysdale. Mkimbiaji wa Giants, Brett Butler, alitoka kwenye njia yake kumsumbua mlinzi aliyekuwa kwenye beisi ya pili, na mwamuzi Paul Runge akaita uingiliaji. Pointi iliyokuwa imeingia ikafutwa. Hershiser akaendelea mpaka zamu 59. Timu zilezile, kanuni nyingine isiyoitwa mara nyingi.

Wendelstedt na mwanawe Hunter walichezesha pamoja mwaka 1998, wakawa baba na mwana wa kwanza kusimama katika mechi moja ya Ligi Kuu kama waamuzi. Mzee alifariki Machi 2012, akiwa na miaka 73. Hunter alirithi shule, akarithi na namba 21 ya kwenye mkono wa sare.

Aprili 8, 2021, New York, kisa kilirudi kikiwa kimegeuzwa. Mets na Miami, sare 2-2, zamu ya tisa, beisi zimejaa. Mpigaji Michael Conforto ana boli moja na straiki mbili. Mpira ukapita kwenye eneo la straiki na kumgusa kwenye kiwiko, kiwiko alichokuwa amekisogeza mbele kidogo. Mwamuzi Ron Kulpa alimpa beisi. Pointi ikaingia, mechi ikaisha. Picha zikarudiwa kwenye chumba cha marejeo, na wakathibitisha kile tu walichoruhusiwa kukiangalia: mpira ulimgusa, ndiyo. Kama ulikuwa ndani ya eneo, au kama alijipeleka, hayo hayakuwa kwenye mamlaka yao. Baada ya mechi Kulpa alikiri kwamba mpira ulikuwa kwenye eneo la straiki na alipaswa kumtoa Conforto.

Kuanzia msimu wa 2026 Ligi Kuu ina kamera zinazopima straiki na boli pale timu inapopinga uamuzi wa mwamuzi. Zinapima mpira umepita wapi. Kama mkono wa mpigaji ulijaribu kukwepa au ulingoja, hilo bado anaulizwa mtu aliyechuchumaa nyuma ya mdakaji.